Kwa Nini Kabati Refu Hupinduka Ardhi Inapotetemeka

Leo tutajifunza jambo linalohusu kila nyumba yenye kabati, rafu ya vyombo au ukuta wa ua. Tutajiuliza: kitu kilichosimama chenyewe, bila kufungwa popote, hufanya nini ardhi inapotetemeka? Kwa nini kimoja husimama imara, kingine huteleza, kingine huyumba kisha kikatulia, na kingine huanguka kifudifudi?

Ninyi mnaokaa Keko mna sababu ya pekee ya kulisikiliza somo hili. Mitaa yenu, kama Magurumbasi, Machungwa na Toroli, inajulikana mji mzima kwa mafundi seremala. Watu hutoka Kinondoni, Mbagala na Kigamboni kuja kununua vitanda na makabati. Kwa hiyo fundi wa Keko akijua vizuri jinsi kabati linavyopinduka, ujuzi wake utaingia katika nyumba nyingi ambazo yeye mwenyewe hatazitia mguu.

Kabla ya kuendelea, wekeni tayari vitu hivi: kiberiti kimoja, ubao bapa wenye urefu wa sentimita 40 hivi, na kipande cha mti kilichokatwa sawasawa, upana sentimita 4 kila upande, kimo sentimita 16. Vipande vya namna hiyo si haba katika takataka za karakana. Chukueni na daftari zenu.

MATETEMEKO YALIYOTUFIKIA

Wako watu wanaosema ya kwamba matetemeko ni mambo ya Japani na Chile, si ya kwetu. Tutazame yaliyotokea. Tarehe 13 Desemba 1910 palitokea tetemeko upande wa Rukwa lenye kipimo cha 7.4 hivi, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopata kupimwa barani Afrika. Tarehe 5 Desemba 2005 palitokea jingine la kipimo cha 6.8 katika eneo la Ziwa Tanganyika. Halafu, Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu alasiri hivi, mkoa wa Kagera ulitikiswa na tetemeko la kipimo cha 5.9. Zaidi ya watu 15 walifariki, mamia wakaumia, na nyumba nyingi zikabomoka au kupasuka. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata zikafungwa kwa muda.

Dar es Salaam nayo haikuachwa. Usiku wa Jumatano tarehe 12 Agosti 2020, kiasi cha saa mbili, tetemeko la kipimo cha karibu 6 lilitokea chini ya Bahari ya Hindi, upande wa kusini-mashariki ya mji. Watu wengi walitoka mbio katika majengo marefu. Kwa hiyo tunayojifunza leo yanatuhusu.

Tetemeko lenyewe halimpigi mtu kama fimbo. Linalomdhuru ni kile kinachomwangukia: ukuta, paa, na vitu vilivyosimama ndani ya nyumba. Kuta na paa ni kazi ya mjenzi, lakini kabati ni jambo ambalo mwenye nyumba anaweza kulishughulikia mwenyewe, leo hii.

NANI ANAYESOGEA?

Fikiri umesimama ndani ya daladala, hukushika bomba. Dereva anaondoa gari kwa ghafula. Je, unaanguka upande gani? Unaanguka nyuma. Hakuna aliyekusukuma kifuani. Gari limeichukua miguu yako na kwenda nayo mbele, lakini mwili wako ulikuwa bado umetulia, ukabaki nyuma.

Kabati nalo hupatwa na jambo hilohilo. Ardhi inapotetemeka, sakafu huichukua miguu ya kabati upande mmoja. Sehemu ya juu hubaki nyuma. Kabla kabati halijajiweka sawa, sakafu imekwisha kugeuka na kwenda upande mwingine. Kwetu sisi tuliomo chumbani, huonekana kana kwamba kuna mtu asiyeonekana anayelisukuma kabati huku na huku. Kumbe ni sakafu inayokwenda na kurudi chini yake.

JARIBIO LA KWANZA: KITOVU CHA UZITO

Kila kitu kina mahali ambapo tunaweza kusema uzito wake wote umekusanyika hapo. Mahali hapo huitwa kitovu cha uzito. Kabati tupu lililotengenezwa sawasawa lina kitovu chake katikati: katikati ya kimo na katikati ya kina.

Sasa simamisha kile kipande cha mti juu ya ubao, karibu na katikati. Inua ncha moja ya ubao polepole sana. Mwenzako apime kwa rula.

(Mwalimu wa darasa awape wanafunzi muda wa kujaribu.)

Mmeona nini? Ncha ya ubao ilipoinuka sentimita 10 hivi, kipande kilipinduka. Hesabu yake si ngumu. Upana wa kipande ni sentimita 4 na kimo ni 16. Gawanya 4 kwa 16, utapata robo. Robo hiyo ndiyo siri ya kipande hiki. Ubao ukiinama kufikia kiasi hicho, kitovu cha uzito huwa kimefika juu ya ukingo wa chini kabisa. Kikivuka ukingo huo, uzito uliokuwa ukikirudisha kipande mahali pake sasa hukiangusha.

Sasa laza kiberiti juu ya ubao ule ule na kuinua tena. Hakipinduki hata kidogo, bali kinateleza. Maana yake kitu kifupi na kipana huteleza kabla ya kufikia kiasi cha kupinduka. Kitu kirefu na chembamba hupinduka kabla ya kuteleza. Andikeni hayo katika daftari.

HESABU YA KABATI

Twende sasa kwenye kabati lenyewe. Chukua kabati lenye kimo cha sentimita 180 na kina cha sentimita 45, yaani kutoka mlangoni mpaka mgongoni. Gawanya 45 kwa 180. Utapata robo, sawa na kipande chetu cha mti.

Robo hiyo hutueleza hivi: nguvu ya kulisukuma kando ikipita robo ya uzito wa kabati, ukingo mmoja wa chini utaanza kuinuka kutoka sakafuni. Hapo kabati limeanza kuyumba. Nalo likiinuka nyuma kwa sentimita 11 hivi, limefika ukomo wake. Likipita hapo halirudi tena lenyewe.

Jaza sasa vitu vizito katika rafu za juu: sufuria, vitabu, cherehani, masanduku. Kitovu cha uzito hupanda. Tuseme kimepanda kutoka sentimita 90 mpaka 120. Ukomo wa kuinuka hushuka kutoka sentimita 11 hadi 8 hivi. Kabati ni lile lile, fundi ni yule yule, lakini mpangaji wa vitu amelipunguzia usalama. Akivishusha vitu hivyo chini, ameuongeza usalama bila kutoa hata shilingi moja.

JE, UZITO UNASAIDIA?

Hapa pana jambo ambalo huwashangaza wengi. Mtu husema, "Kabati langu ni la mninga, ni zito, watu wanne hawalibebi. Haliwezi kuanguka." Je, ni kweli?

Katika tetemeko, si kweli. Kabati zito hurudishwa mahali pake na uzito mkubwa, hilo ni sawa. Lakini kumbuka mfano wa daladala: jinsi kitu kinavyokuwa kizito, ndivyo kinavyobaki nyuma kwa nguvu zaidi sakafu inaposogea. Nguvu inayoliangusha huongezeka sawasawa na nguvu inayolirudisha. Kwa hiyo makabati mawili yenye umbo moja, moja la mninga na moja la mbao nyepesi, huanza kuyumba kwa mtikisiko ule ule. Tofauti huonekana baadaye: la mninga likikuangukia, litakuumiza zaidi.

Uzito husaidia katika jambo jingine. Mtoto akivuta droo na kupanda juu yake kama ngazi, nguvu yake haiongezeki kwa sababu kabati ni zito. Hapo kabati zito ni gumu kuangushwa kuliko jepesi. Lakini hata hilo lina mpaka, maana droo nyingi zikifunguliwa pamoja, kitovu cha uzito husogea mbele. Hatari hii ya mtoto haingoji tetemeko. Iko kila siku.

KUYUMBA NA KUTULIA

Rudini kwenye kipande cha mti. Kisimamishe mezani, kiinamishe kidogo kwa kidole, halafu kiachie. Sikiliza. Kitagonga ko, ko, ko-ko-kokoko, halafu kimya. Je, mmesikia jinsi migongo ya mwanzo inavyoachana, na ya mwisho inavyofuatana haraka?

Kitu kinachoyumba hakifanani na pendulamu ya saa ya ukutani. Pendulamu huchukua karibu muda ule ule kwenda na kurudi, ikienda mbali au karibu. Kitu kinachoyumba, kikiinama kidogo hurudi upesi. Kikiinama sana hurudi polepole. Kikifika karibu na ukomo, husita kabisa, kana kwamba kinafikiri kiende wapi. Katika kusita huko, mtikisiko mdogo tu waweza kukirudisha au kukimaliza.

Hii ndiyo sababu, katika nyumba moja, kabati moja huanguka na ndugu yake, lililotengenezwa na fundi yule yule, hubaki limesimama. Basi mtu asiseme, "Langu lilinusurika mara ile, litanusurika tena." Huenda lilisita, likarudi kwa bahati.

Kila mgongo wa sakafuni hupunguza nguvu ya kuyumba. Lakini haupunguzi sawa kwa kila kitu. Kwa hesabu, kabati letu la kimo cha sentimita 180 hupoteza kama sehemu moja katika sita ya nguvu yake ya kuyumba kwa kila mgongo. Kabati la kina kile kile lakini la kimo cha sentimita 90 hupoteza karibu nusu. Kabati fupi hutulia upesi, refu huendelea kuyumba, na mtikisiko unaofuata hulikuta bado halijatulia.

KIKUBWA NA KIDOGO

Fundi mmoja aweza kusema: "Kipande cha mti na kabati vina umbo moja, robo kwa robo. Basi nikikitikisa kipande kikaanguka, kabati nalo litaanguka." Hapana. Vyote viwili huanza kuinuka kwa mtikisiko mmoja, lakini kuinuka si kupinduka. Kupinduka kunahitaji muda. Kabati letu ni kubwa kuliko kipande kile mara 11 kwa kila kipimo, na huchukua zaidi ya mara 3 ya muda wake ili lipinduke. Sakafu ikienda na kurudi upesi upesi, kipande kimekwisha kuanguka, lakini kabati bado limeinuka kidogo tu, na sakafu imegeuka na kulirudisha.

Lakini kama sakafu itakwenda upande mmoja kwa muda mrefu kidogo kabla ya kugeuka, kabati nalo litapata muda wa kutosha kuanguka. Hivyo hatutazami nguvu ya mtikisiko peke yake. Tunatazama pia muda wa kila mwendo.

Mambo haya yalichunguzwa na wataalamu kwa miaka mingi. Mwingereza John Milne, aliyefundisha Japani kuanzia mwaka 1876 hadi 1895, alichunguza jinsi nguzo na mawe ya makaburi yalivyoanguka, ili akadirie nguvu ya tetemeko. Mwaka 1963 Mmarekani George Housner alitoa maelezo ya hesabu yaliyo msingi wa elimu hii mpaka leo. Alisukumwa na tetemeko kubwa la Chile la Mei 1960, ambapo baadhi ya matangi ya maji yaliyokaa juu ya minara, yakionekana kama yataanguka upesi, yalibaki yamesimama, na vitu vilivyoonekana imara kuliko hayo vikaharibika. Alionyesha ya kwamba kati ya vitu viwili vya umbo moja, kikubwa ni kigumu zaidi kupinduliwa.

Baadaye, Mmarekani James Brune alianza kuchunguza mawe yaliyosimama juu ya mawe mengine kwa namna ya kutisha. Kama jiwe la namna hiyo limekaa maelfu ya miaka bila kuanguka, basi ardhi ya mahali pale haijapata kutikiswa kupita kiasi fulani kwa muda wote huo. Jiwe limekuwa shahidi. Aliyefika Mwanza akaona miamba iliyopandana ziwani anaweza kulielewa wazo hili mara moja. Lakini kabla ya kuuamini ushahidi wa jiwe ni lazima kuhakikisha kama limekaa juu tu, au limeshikana na mwamba wa chini.

UKUTA NAO NI KITU KILICHOSIMAMA

Hesabu ile ile fanyeni kwa ukuta wa ua. Tofali la saruji lenye unene wa sentimita 15, ukuta wa kimo cha sentimita 200, hauna nguzo wala haukufungwa na ukuta mwingine. Gawanya 15 kwa 200. Si robo, wala si sehemu moja ya kumi. Ni sehemu moja ya kumi na tatu. Saruji baina ya matofali hushika kidogo, lakini ikipasuka, ukuta huo husimama kama kiberiti kilichosimamishwa kwa ubavu wake mwembamba. Kwa hiyo watoto wasifanye kivuli cha ukuta wa namna hiyo kuwa baraza ya kuchezea, na anayejenga asiache kuweka nguzo na mkanda wa zege.

MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, weka vitu vizito rafu za chini. Juu weka nguo na vitu vyepesi.

Pili, usiweke kabati refu kwenye kichwa cha kitanda, wala karibu na mlango. Likianguka mlangoni litawafungia ndani watu wanaotaka kutoka. Pima kimo chake, kisha pima umbali huo sakafuni. Mahali hapo pasilale mtu, hasa mtoto.

Tatu, lifunge kabati ukutani. Tumia vipande viwili vya chuma vilivyokunjwa kama herufi L, kimoja kila upande, juu kabisa. Skrubu ziingie katika fremu ya kabati, si katika plaiwudi ya mgongoni, kwa maana plaiwudi nyembamba huchanika. Upande wa ukuta, ziingie katika tofali imara au nguzo. Ukuta wa udongo unaomomonyoka hauwezi kushika. Hapo ni bora ununue kabati fupi.

Nne, usidhani ya kwamba kuliegemeza kabati ukutani ni sawa na kulifunga. Ukuta hulizuia lisiende nyuma tu. Likigonga ukuta huweza kurudishwa mbele, ambako hakuna kinachoizuia njia yake.

Tano, wewe fundi, unapotengeneza kabati refu, weka ubao imara nyuma kwa juu, na utoboe matundu ya skrubu hapo hapo karakanani. Mwambie mnunuzi kazi yake. Mnunuzi naye aulize kabla ya kulipa.

Sita, ardhi inapotetemeka, usikimbilie kulishika kabati au televisheni. Sasa unajua ya kwamba mikono haiwezi kuzuia nguvu inayokua pamoja na uzito wa kabati lenyewe. Kaa mbali nalo, kinga kichwa, ingia chini ya meza imara ikiwa ipo karibu. Uliye nje, kaa mahali pa wazi, mbali na kuta.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kabati lina kimo cha sentimita 200 na kina cha sentimita 40. Gawanya 40 kwa 200. Je, kabati hili huanza kuyumba mapema au baadaye kuliko lile la somo letu?

2. Kwa nini uzito wa mninga hausaidii katika tetemeko, lakini husaidia mtoto anapovuta droo?

3. Makabati mawili ya umbo moja, moja kubwa na jingine dogo, yametikiswa pamoja. Lipi laweza kuanguka kwanza, na kwa sababu gani?

4. Kila mwanafunzi akapime nyumbani kwake kabati moja na ukuta mmoja wa ua, aandike kimo na kina au unene, kisha afanye hesabu. Aje na majibu katika kipindi kijacho.

Jibu la swali la kwanza ni sehemu moja ya tano, tena ni ndogo kuliko robo. Kwa hiyo huanza kuyumba mapema zaidi. Maswali mengine yazungumzeni na mwalimu wenu.

Kwa herini, ndugu wanafunzi. Msisahau rula mnapokwenda nyumbani.